Ndugu Mui wa Nyanya

Wahenga walinena kwamba ndugu mui heri kuwa naye. Kwa miaka mingi nimeifunza methali hii nikiieleza jinsi walimu wote waielezavyo: kwamba ndugu, hata akiwa na kasoro za kuaibisha, siku ya dhiki hukufaa kuliko kutokuwa na ndugu kabisa. Sikupata kudhani hata siku moja kwamba ufafanuzi ulio bora kuliko huo wangu ningeupata katika shamba la nyanya.

Ulikuwa msimu wa mvua za masika. Nilikuwa nimekwenda kumjulia hali shangazi yangu, mkulima mdogo karibu na mji wa Kerugoya, nikamkuta amesimama ukingoni mwa kishamba chake cha robo ekari, mikono kiunoni, hasemi neno. Wiki moja tu kabla ya hapo miche yake ilikuwa imesheheni matunda mabichi yenye ukubwa wa yai. Siku hiyo majani yalikuwa na mabaka meusi kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Mashina yalikuwa na michirizi ya kahawia. Na matunda yenyewe yalikuwa yamefanya madoa magumu, ya rangi ya kutu. Katika shamba lile ndimo ilimokuwa karo ya mjukuu wake wa kidato cha tatu.

"Ni baridi, mwanangu," aliniambia. "Baridi imeyachoma yote."

"Hukupiga dawa, shangazi?"

"Nilipiga mara tatu. Mvua ikaiosha mara tatu."

Kisha akainama, akachomoa kijiti kilichokuwa mwisho wa tuta. Juu yake alikuwa amevisha pakiti tupu ya mbegu, kama wakulima wengi wafanyavyo ili wasisahau walichopanda. Akanikabidhi.

"Aliyeniuzia alisema mbegu hii ni ngumu, haishikwi na magonjwa. Hebu wewe uliyesomea maneno nisomee. Herufi hizi zasemaje?"

Baada ya jina la mbegu palikuwa na herufi mbili: VF. Nami niliyesomea maneno hadi shahada ya uzamifu nilizitazama herufi zile, nazo zikanitazama. Sikuwa na jibu. Nilirejea Nairobi na aibu yangu, nikawaendea wenzangu wa kitivo cha kilimo, nikaazima vitabu vyao, nikawa mwanafunzi upya. Haya niandikayo leo ndiyo niliyojifunza, na nayaleta kwa walimu na wanafunzi kwa sababu naamini kwamba herufi mbili zile zina somo kubwa kuliko kurasa nyingi tunazowakaririsha watoto wetu.

Nianze na lile jina, kwa kuwa majina ndiyo kazi yangu. Shangazi aliita ugonjwa ule "baridi", wala hayuko peke yake. Vitabu vya kilimo huuita bakajani chelewa. Jina la shangazi si la kipumbavu. Lina nusu ya ukweli ndani yake, maana ugonjwa huu huja kweli na ubaridi, umande na mvua za mfululizo. Lakini baridi ni mlango tu, si mwizi. Mwizi ni kiumbe hai asiyeonekana kwa macho matupu, ambaye wanasayansi humwita Phytophthora infestans. Wakulima na hata vitabu vingi humhesabu miongoni mwa kuvu, kwa kuwa mwenendo wake ni wa kuvu: hutandaza nyuzi ndani ya jani, hunyonya uhai wake, kisha hutoa ukungu mweupe upande wa chini. Wanabayolojia wa siku hizi wamemtoa katika ukoo wa kuvu halisi na kumweka karibu zaidi na mwani, ingawa tofauti hiyo haimpunguzii mkulima hasara hata kidogo. Spora zake hupeperushwa na upepo. Zikitua juu ya jani lililolowa wakati wa ubaridi, hutoa vijimbegu viogeleavyo katika tone la maji hadi vipate pa kupenyea. Baada ya siku chache baka la kwanza huonekana; na hali ya hewa ikiendelea hivyo, shamba zima laweza kuteketea kwa wiki moja au mbili.

Kiumbe huyu ndiye aliyeangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, na njaa iliyofuata ikaua watu wapatao milioni 1 na kuwahamisha wengine zaidi ya idadi hiyo. Hapa Kenya alifika mwanzoni mwa miaka ya 1940, na tangu hapo hajaondoka. Hula viazi na nyanya pia, kwa sababu mimea hiyo miwili ni ya ukoo mmoja.

Msomaji ataniuliza, jina lina neno gani? Lina neno. Anayeamini kwamba mwuaji ni baridi hana la kufanya ila kuomba jua. Anayejua kwamba mwuaji ni kiumbe hai huuliza maswali mengine: Je, kiumbe huyu hana amshindaye? Duniani kote hakuna nyanya asiyoiweza? Swali hilo ndilo liliwatoa wataalamu katika mashamba yao na kuwapeleka hadi chimbuko la nyanya yenyewe, Amerika Kusini, nasi hatuna budi kuwafuata huko.

Nyanya si mzaliwa wa Afrika. Asili yake ni pwani na milima ya Andes, katika nchi ziitwazo leo Peru na Ecuador, na waliolilea tunda hilo hadi likawa kubwa ni hasa wenyeji wa Mexico. Jina lake katika lugha nyingi za Ulaya limetokana na neno tomatl la Kinahuatl, lugha ya Waazteki. Wahispania waliivusha bahari katika karne ya 16, na kutoka Ulaya ikasambaa pembe zote za dunia. Sisi jina lile hatukulichukua. Waswahili wa baadhi ya sehemu za pwani waliiita tungule. Wengine tukaiita nyanya, jina ambalo kwetu Kenya ndilo tunalomwitia pia mama mzaa baba au mzaa mama. Sadfa hiyo yanifaa, kwa maana habari yetu leo ni ya nasaba.

Katika kila hatua ya safari ile ndefu, wasafiri walibeba mbegu chache tu. Nyanya zilizofika Ulaya zilikuwa watoto wa wazazi wachache, na watoto hao wakazaana wao kwa wao vizazi na vizazi. Fauka ya hayo, mkulima alipochagua mbegu ya msimu ujao alichagua tunda kubwa, jekundu, tamu na laini. Hakuna aliyechagua kinga ya ugonjwa ambao hajauona. Basi nyanya ya shambani ikawa kama mwana aliyelelewa ndani ya nyumba ya kitajiri: mrembo, mnene, asiyejua kupigana. Maadui walipomfikia, hakuwa na silaha.

Silaha zilibaki nyumbani, kwa ndugu. Nyanya ina ndugu wa mwituni wapatao 12, waliotawanyika kuanzia Ecuador hadi kaskazini mwa Chile, na hadi visiwa vya Galápagos. Kwa sura ni ndugu wa kuonea haya. Mmoja, Solanum pimpinellifolium, huzaa matunda mekundu yasiyozidi punje ya njegere. Wengine huzaa vitunda vya kijani, vyenye manyoya, ambavyo hakuna mtu angevipeleka sokoni. Solanum pennellii huota penye ukame na majani yake hunata kama ulimbo. Hakuna aliyeipalilia, hakuna aliyeinyunyizia dawa. Na kwa maelfu ya miaka imekabiliana na kuvu, bakteria, minyoo na kiu, iliyoshindwa ikafa na iliyoshinda ikazaa. Kila mche uliosimama pale leo ni mjukuu wa washindi.

Mtu aliyeijua nasaba hii kuliko wengi wa zama zake ni Charles Rick wa Chuo Kikuu cha California mjini Davis, aliyezaliwa mwaka 1915 na kufariki mwaka 2002. Kwa miongo mingi alirudi tena na tena Andes na Galápagos kukusanya mbegu za nyanya mwitu. Kisa chake mashuhuri ni cha mbegu za Galápagos zilizokataa katakata kuota. Alizijaribu kwa njia mbalimbali bila mafanikio, hadi alipojiuliza ni nani alaye matunda hayo kule kwao. Jibu lilikuwa kobe, wale wakubwa wa visiwa vile. Kobe wakalishwa nyanya, mbegu zikasafiri matumboni mwao kwa wiki kadhaa, na zilipotoka zikaota vyema. Yeye na mwenzake Robert Bowman walichapisha habari hiyo mwaka 1961. Hazina ya mbegu inayobeba jina lake huko Davis ina zaidi ya aina 3,000 za nyanya mwitu na nyanya za utafiti, na hupeleka mbegu kwa watafiti wa mataifa mengi.

Sasa, kinga ya ndugu wa mwituni huhamishwaje hadi kwenye nyanya ya sokoni? Kanuni yake mwanafunzi yeyote wa kidato cha nne aweza kuifuata kwa kalamu na karatasi. Mtaalamu huchukua chavua ya mmoja na kuipaka ua la mwingine. Chotara azaliwaye ana nusu ya urithi wa shambani na nusu ya urithi wa mwituni, na tunda lake ni dogo mno. Chotara huyo huzalishwa tena na mzazi wa shambani: urithi wa mwitu hubaki robo. Huzalishwa tena: hubaki thumuni. Akirudishwa hivyo mara sita, urithi wa mwitu huwa, kwa wastani, chini ya asilimia 1. Lakini katika kila kizazi miche huambukizwa ugonjwa kwa makusudi. Wanaokufa huachwa wafe, na anayebaki hai, hata akiwa mmoja, ndiye aendeleaye na safari. Kwa njia hiyo kasoro za ndugu mui hupungua kizazi baada ya kizazi, na sifa yake moja njema hubaki.

Kusema ni rahisi kuliko kutenda. Jeni haisafiri peke yake. Huandamana na majirani zake, na mara nyingi jirani wa jeni ya kinga ni jeni ya tunda dogo au mavuno haba. Kuwatenganisha huchukua miaka, ingawa tangu miaka ya 1990 vipimo vya vinasaba vimemwezesha mtaalamu kuutambua mche aufuatao ungali mchanga, kabla haujazaa. Tena wapo ndugu ambao damu yao hukataa kuchanganyika. Mnamo 1944 Paul Smith, naye wa California, alizalisha nyanya ya shambani na Solanum peruvianum, mmea wenye kinga dhidi ya minyoo fundo ya mizizi. Mbegu zake hazikukomaa; ikambidi akitoe kijusi kichanga ndani ya mbegu na kukilea katika chupa ya maabara. Kutokana na juhudi hiyo ilipatikana kinga ambayo leo huandikwa kwa herufi N juu ya pakiti za mbegu kote duniani.

Ndipo tufikapo kwenye herufi za shangazi. V ni kinga dhidi ya mnyauko uletwao na kuvu aitwaye Verticillium. Ilielezwa na wataalamu wa Marekani mwaka 1951, kutokana na nyanya iliyojulikana kwa jina la Peru Wild. F ni kinga dhidi ya mnyauko wa Fusarium, kuvu aishiye udongoni kwa miaka mingi, ambaye huingia kwa njia ya mizizi na kuziba mishipa ya maji hadi mmea ukanyauka na kufa kwa kiu huku udongo umelowa. Mnamo 1939 watafiti wa Missouri walitangaza kwamba nyanya mwitu yenye vitunda vya njegere, iliyotoka Peru, haikuugua kabisa. Mwaka 1941 ilitolewa kwa wakulima wa Marekani mbegu iliyoitwa Pan America, iliyobeba kinga hiyo.

Ilidhaniwa kwamba vita vimekwisha. La hasha! Mnamo 1945 iliripotiwa mbari ya pili ya kuvu yule yule, ambayo kinga ile haikuweza kuitambua. Hapa inafaa tuelewe kinga hii hutendaje kazi. Jeni ya kinga ni kama bawabu aliyepewa picha ya mwizi mmoja: akimwona tu, huamuru chembechembe zilizo karibu zijiue, ili mwizi akose chakula na kufa mlangoni. Mwizi akibadili sura, bawabu humpisha. Wataalamu wakarudi tena kwa ndugu wa mwituni, wakapata kinga ya pili, iliyoingizwa katika mbegu iitwayo Walter huko Florida mwaka 1969. Miaka ya 1970 ilipokuwa ikielekea ukingoni, mbari ya tatu ikazuka Queensland, Australia. Safari hii msaada ulitoka kwa yule ndugu wa majani ya kunata, Solanum pennellii. Mara mbili adui alibadili vazi, na mara zote tatu jibu lilitoka mwituni.

Msomaji makini amekwisha kuona kosa lilikotendeka shambani kwa shangazi. Herufi VF hazikusema uongo. Ziliahidi ulinzi dhidi ya minyauko miwili ya udongoni, na yawezekana zilitimiza ahadi hiyo. Ila dhidi ya bakajani chelewa hazikuahidi lolote. Aliyemwuzia alisoma herufi mbili akazigeuza kuwa "haishikwi na magonjwa", na shangazi, ambaye hakuna aliyemfundisha alfabeti hiyo, alikuwa hana la kumhoji.

Je, ipo herufi iliyopaswa kuwapo? Ipo. Kinga dhidi ya bakajani chelewa nayo ilitafutwa kwa ndugu yule yule wa vitunda vya njegere. Jeni ya kwanza, iliyopewa jina la Ph-1, ilishindwa upesi na mbari mpya za adui. Ya pili, Ph-2, haizuii ugonjwa bali huuchelewesha. Ya tatu, Ph-3, ndiyo yenye nguvu zaidi, na habari zake zilienea kutokana na kazi ya kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga kilichoanzishwa mwaka 1971 huko Shanhua, Taiwan. Hata Ph-3 ikiwa peke yake huweza kuvunjwa, na ndiyo sababu wazalishaji waangalifu huziunganisha Ph-2 na Ph-3 katika mmea mmoja, kama ilivyofanywa katika mbegu iitwayo Mountain Magic huko North Carolina. Mwizi atakayeweza kuwahadaa mabawabu wawili kwa wakati mmoja ni nadra kuliko awezaye kumhadaa mmoja.

Kituo hicho cha Taiwan kina tawi jirani zetu, mjini Arusha, tangu mwaka 1992. Mbegu za Tanya na Tengeru 97, zilizotolewa nchini Tanzania mwaka 1997, zilitokana na ushirikiano wake na watafiti wa Tengeru. Basi kazi hii si ya Wazungu wa mbali tu; hufanyika chini ya Mlima Meru, mwendo wa saa chache kutoka Namanga.

Wala Kenya yenyewe si mgeni katika elimu hii. Ugonjwa wa kuvu uozeshao matunda machanga ya kahawa ulitambuliwa kwa mara ya kwanza duniani hapa Kenya, mwaka 1922. Mwaka 1985 watafiti wetu walitoa kahawa ya Ruiru 11. Baadhi ya kinga yake ilitoka kwa Rume Sudan, kahawa iliyopatikana mwituni katika nyanda za Boma, ambazo leo zimo Sudan Kusini. Nyingine ilitoka kwa chotara wa kisiwa cha Timor, aliyezaliwa na arabika na robusta bila mkono wa mtaalamu. Kila mkulima wa Murang'a au Kiambu aliyewahi kupunguza gharama ya dawa kwa sababu ya Ruiru 11 ana deni kwa mti wa mwituni ambao hajauona.

Hapa ndipo mtaalamu wa lugha apatapo neno lake la kusema. Tazama tunavyolitumia neno "mwitu". Mbwa mwitu, nguruwe mwitu, paka mwitu: neno hili limekuwa muhuri wa kutengwa. Mtoto asiye na adabu huambiwa ametoka porini. Shuleni tunawafunza watoto kung'oa "magugu" kabla ya kuwafunza majina yake. Pembeni mwa barabara zetu nyingi huota mtunguja, ambao Wakikuyu huuita mutongu, wenye miiba na vitunda vya manjano visivyolika. Ni ndugu wa karibu wa biringanya, na watafiti wa biringanya wanautafuta kwa sababu zile zile zilizompeleka Rick Andes. Sitaki kudai kuliko ushahidi uliopo, lakini husimama kila niyasikiapo majina tunguja na tungule pamoja. Yaonekana sikio la mhenga lilisikia udugu ambao jicho letu lenye shahada limeupuuza.

Kiswahili chenyewe kimepita njia hiyo hiyo. Tulipohitaji istilahi za kufundishia sarufi na za kuendeshea vyuo vikuu, wapo waliokimbilia ughaibuni, na wapo waliorudi kwa ndugu wa nyumbani. "Ngeli", neno ambalo kila mwanafunzi wa sekondari hulitumia, tulilipata kwa Wahaya. "Kitivo" tulikipata katika lugha za Wapare na Wasambaa, ambako huhusu ardhi yenye rutuba. Lugha sanifu ni kama nyanya ya sokoni: yafaa, yauzika, lakini ni nyembamba kwa damu. Siku inapoishiwa, huenda kubisha hodi kwa lahaja na lugha ndogo ambazo jana iliziita za kishamba.

Najua kuna watakaonipinga. Atasema mmoja kwamba dawa zipo, na kwamba mkulima apige kwa wakati. Dawa zina nafasi yake. Lakini adui huzizoea dawa pia. Dawa ya metalaksili, iliyosifiwa mno mwishoni mwa miaka ya 1970, ilianza kushindwa Ulaya mwaka 1980, kwa kuwa kiumbe yule alikwisha kujifunza kuishi nayo. Zaidi ya hayo, dawa hulipiwa kila wiki, na mvua haimrudishii mkulima fedha zake. Atasema mwingine kwamba mbegu chotara ni ghali, na kwamba mkulima hawezi kuihifadhi mbegu yake ikazaa sawasawa msimu ujao. Hilo ni kweli, nami silifichi. Kwa sababu hiyo yafaa taasisi za umma ziendelee kutoa mbegu ambazo mkulima aweza kuzirithisha, ili kinga isiwe ya wenye fedha pekee. Tena mbegu yenye kinga si hirizi. Bado yafaa kubadilisha mazao, kuepuka kupanda nyanya kando ya viazi, kupanda kwa nafasi ili upepo upite, na kuing'oa na kuiteketeza miche iliyoambukizwa mapema.

Suala la deni nalo lisisahauliwe. Mkataba wa kimataifa wa uhai anuwai ulikubaliwa kwa maneno yake hapa hapa Nairobi mnamo Mei 1992, kabla ya kutiwa saini Rio de Janeiro mwezi uliofuata, nao ulitamka kwamba nchi ina haki juu ya viumbe vya mwituni mwake na mgawo katika faida zake. Lakini mkataba mwingine, wa mwaka 2001, uliorahisisha ugavi wa mbegu za vyakula, ulikuja na orodha ya mazao ambayo nyanya haimo. Peru iliyotoa V na F iliachwa ijadiliane peke yake. Nasi tuliona, maana kesho atakayebisha hodi akitafuta mtunguja wetu, au mtama mwitu, au kunde mwitu, atatukuta tumejiandaa au tumekwisha kuvichoma moto tukisafisha mashamba. Hazina ya mbegu iliyoko Muguga yastahili kujulikana na wanafunzi wetu kama wajuavyo makumbusho na mbuga za wanyama.

Ombi langu kwa walimu ni dogo. Msimu ujao leteni darasani pakiti tupu za mbegu. Mwalimu wa bayolojia asome herufi, mwalimu wa jiografia aonyeshe Peru, mwalimu wa hisabati agawe nusu kwa nusu hadi asilimia 1, na mwalimu wa Kiswahili awaulize wanafunzi kwa nini herufi hizo hazikuelezwa kwa lugha ambayo mnunuzi aijua. Na wauza mbegu, ambao pakiti zao huandikwa kwa Kiingereza kilichojaa vifupisho, waandike nyuma yake mistari mitatu ya Kiswahili: mbegu hii yakinga hiki na hiki, wala haikingi kile.

Nilirudi kwa shangazi nikiwa na jibu langu, nikamweleza yote, kobe na kijusi cha chupani pamoja. Alisikiliza hadi mwisho, huku akichambua maharagwe.

"Kwa hiyo hii F ni mtu wa Peru?"

"Ni ndugu wa nyanya, shangazi. Wa mwituni. Hafai kuliwa, lakini mnyauko haumwezi."

"Na ndugu wa kuiweza hii baridi yangu hayuko?"

"Yuko. Herufi zake kampuni huziandika kila moja kwa namna yake. Moja Ph, nyingine LB, nyingine Pi."

Alinyamaza kidogo. Kisha akaweka ungo chini, akaniomba kalamu, akazidai herufi zile moja moja na kuziandika kwa mkono wake nyuma ya ile pakiti tupu, ambayo alikuwa ameihifadhi.

"Basi," akasema, "safari hii nitakwenda dukani nikiwauliza kwa jina."